Dawa Imefika, Mardochée Haone Tena

Bukavu, Kadutu
Tarehe 14 septemba 2025

Mpendwa yaya Eulalie, dada yangu mukubwa,

Uko muzima? Mugongo inaendelea aje na baridi ya Liège? Na bwana yako, Papa Alphonse, alipata kazi? Sisi tunapumua, zaidi ya hapo sina la kusema.

Nakuandikia juu ya mudogo wetu Mardochée. Unakumbuka dokteri Lydie alivyotueleza: askari wa damu yake, wale wa kumukinga, walikosea adui, wakapanda kichwani kuchoma mishipa ya fahamu. Dawa unayotuma inawaziba masikio. Hawasikie mwito wa kutoka, wanabaki ndani ya tezi kama kambini. Kwa dawa hiyo aliongoza chorale, waimbaji wa parokia, miaka tatu, bila fimbo ya kutembelea.

Tangu uwanja wa ndege ifungwe, koli yako, kifurushi cha dawa, ilikwama Bujumbura. Shemeji Bruno aliifuata, lakini akirudi walimuzuia njiani, Luvungi, sababu ya masasi ya vita. Huku vidonge vikaisha. Dokteri alikuwa ametuonya: dawa hii ikikatika gafula, askari wote wanatoka pamoja.

Ndivyo ilikuwa. Kwanza muguu wa kushoto, kisha macho. Jumapili moja alisimama mbele ya waimbaji, akaniuliza polepole, "Adélaïde, wamefika?" Wote walikuwa mbele yake.

Juma iliyopita Bruno aliingia na koli, amezungukia Rwanda. Nililia kwa furaha, nikaipeleka mbio hospitali, kwenye Mardochée amelazwa. Dokteri Lydie aliishika tu mukononi.

"Maman, siwezi kumupa. Sasa iko na pneumonie, mapafu inagonjwa. Nikiwafungia askari wake kambini, nani atapigana ndani ya kifua? Na mishipa iliyoungua, dawa hii hairudishe."

Yaya, hata kuomba nimeshindwa. Napiga magoti, naona tu sakafu.

Mardochée alisikia kama koli imefika. Kila asubui ananiuliza, "Leo nameza?" Namujibu kesho. Jana hakuuliza. Alinishika mukono, akasema, "Andikia yaya kama nimeshameza, asikose usingizi."

Nilikaa chini nikuandikie vile alivyotaka. Nimeshindwa.

Salimia Papa Alphonse na watoto, Steve na Merveille. Maman yetu anawaweka wote mikononi mwa Bikira Maria. Yeye bado anaweza kuomba. Mungu awafunike huko muliko.

Ni mimi mudogo wako, nakupenda sana,
Adélaïde