Uzi Mwekundu kwenye Kola za Ndanu

Jumatatu, 3 Machi
Sketi tisa za shule, sweta nne. Cherehani imevunja sindano mara mbili. Ndanu amemeza kidonge chake cha asubuhi, akatapika. Kama jana. Ana miaka tisa. Maumivu ya koo ya mwaka jana yalimwachia ugonjwa wa moyo, na kinga yake bora ni sindano ya penisilini kila mwezi. Haiwezekani. Ana mzio, ndiyo maana tunatumia vidonge. Nimeshona onyo kwa uzi mwekundu ndani ya kola ya kila nguo yake: ASIPEWE PENISILINI. Kazi safi. Sijaona mama mwingine Ngara aliyefanya hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Daktari mpya, kijana, anauliza maswali kama polisi. Nani alimpa dawa? Homa ilianza kabla au baada? Nilimjibu kwa kiburi.

Aliyempa ni Mwende, mdogo wangu. Tulikuwa tunakaa pamoja. Ndanu, miaka mitatu wakati huo, alikuwa na homa tangu juzi yake, mimi niko kazini. Mwende akampa amoksilini ya maji iliyobaki kwa watoto wake. Ni dawa ya jamii ya penisilini. Kesho yake vipele mwili mzima. Nilimfukuza siku hiyo hiyo, yeye na wanawe wawili. Sasa ni miaka sita. Nasikia anakaa nyuma ya maduka ya Adams Arcade.

Daktari anasema homa yenyewe huleta vipele, na watoto wengi walioandikiwa mzio hivi hawana. Anataka Ndanu apewe dawa ileile hospitalini, wakimtazama. Nikasema nitafikiria. Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa, 7 Machi
Sina wa kuuliza. Baba Ndanu tulimzika Kitui. Nimemweleza jirani wa kibanda changu cha ushonaji, akaniambia niombe. Nimeomba. Bado naogopa. Zamani jambo kama hili ningempelekea Mwende.

Jumanne, 11 Machi
Nimekubali. Hospitalini, kijiko kidogo cha dawa kwanza. Nusu saa. Kisha dozi kamili, na saa mbili za kukaa. Wazazi wengine walikuwa wawili wawili. Nesi alimfunua shati mara kwa mara. Ndanu alichora twiga. Hakuna kilichotokea. Tumepewa dawa ya kunywa nyumbani siku tatu.

Nilitaka kipele kitokee. Naandika hapa tu. Kimoja, ili nisiwe nimekosea.

Ijumaa, 14 Machi
Ngozi safi. Daktari amekata neno mzio kwenye kadi, akatia sahihi. Ndanu amedungwa sindano yake ya kwanza, akalia kidogo, akaomba chipsi.

Jioni nimefumua kola saba. Ya nane nimeshindwa, nimeweka mkasi chini. Mwende hakumdhuru mtoto wangu. Nilimwita muuaji, wanawe wakisikia.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya kanisa nimempigia. Namba nimeipata kwa shangazi. Nimemweleza yote, mpaka kile kipele nilichokitamani. Nimemwomba msamaha. Kisha akasema polepole:

"Sister, hata mimi wangu niliwaandikisha kuwa wana mzio. Wote wawili. Venye ulisema hiyo dawa inaua, niliogopa. Huyu mdogo alishikwa na nimonia, nikakataza wasimpe hiyo dawa."

Nikauliza kama alipona. Alipona, baada ya wiki tatu wodini. Mwende hakuwa na wa kumpokea zamu hata aende kuoga. Mimi nilikuwa hapa Ngara, safari ya nusu saa, na sikujua.

Kliniki iko Jumatano. Nimemwambia awalete nao wapimwe, nitawangojea getini. Amesema watakuja.