Mkono wa Nzau

S.L.P. 318,
Ruiru.
16 Juni 1996

Mpendwa Shangazi Mwongeli,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mguu wako unaendeleaje? Voi mmepata mvua? Mimi mwili ni mzima, ila hofu imeninyima usingizi.

Usishtuke, Nzau yu hai. Amelala hapa chumbani kwangu. Mwanao amevunjwa mkono wa kulia, na heri usikie habari hii kwangu kabla ya polisi.

Kiwandani Thika, ninakofanya ukarani, tunajaribu plastiki inayotengenezwa na bakteria. Ikiwa peke yake huvunjika kama biskuti, kwa hiyo fundi wetu, Aketch, huichanganya na plastiki nyingine laini. Tunapata mifuko ya kupandia miche, ambayo huoza yenyewe udongoni. Mabaki yalitupwa jaani. Nzau na waokotaji wenzake wa mtaa wa Landless wakayaokota, wakatuuzia pamoja na plastiki za kawaida. Zilipoyeyushwa pamoja, mabeseni yote tuliyotengeneza yakapasuka.

Msimamizi hakuuliza kitu. "Chokora nyinyi, mnatuuzia takataka?" Akawaamuru walinzi wawapige. Nilisikia mfupa wa Nzau ukivunjika chini ya rungu. Mimi ndiye niliyemfunga mkono kwa leso yangu.

Ijumaa wenzake walirudi na mawe na vyuma. Walipondaponda mashine ya kuchanganyia. Aketch alitoka kuwaambia kosa si lao, akapigwa chuma cha kichwa. Damu yake ilitapakaa kwenye punje nyeupe za plastiki sakafuni. Hajafumbua macho mpaka leo.

Sasa msimamizi anadai aliyempiga ni Nzau, na anataka kesho nitie sahihi kuwa nilimwona. Nilikuwa dirishani, Shangazi. Nzau alisimama langoni, mkono ukining'inia kwenye leso, akiwapigia wenzake kelele waache. Nilipokataa, msimamizi alinishika vidole polepole, akavikunja nyuma.

"Katunge, hata mkono wa karani huvunjika."

Unanijua, mimi ni mwoga tangu utotoni. Lakini kesho siendi kazini. Nitampeleka Nzau kituoni mwenyewe, niseme nilichokiona. Mwambie baba yake, Mzee Kimeu, apande basi aje asimame nasi.

Msalimie yeye, na Khamisa jirani yako. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Nimeandika leo, vidole vingali vizima.

Binti wa kaka yako, anayekupenda siku zote,
Katunge