Wifi, Nimeupeleka Wimbo Wako kwa Wasomi

Bagamoyo,
Mfungo Pili

Mpendwa wifi yangu Mwanahamisi,

Najua marehemu haandikiwi barua. Kaka yako ameniambia hivyo asubuhi hii, akamaliza chai yake, kisha akaniuliza kama wino uliobaki utatosha. Kwa hiyo naandika. Nisipokueleza wewe haya yaliyonipata Dar es Salaam juzi, nitapasuka. Majirani nimeshawachosha, na muuza vitumbua leo kaniona kwa mbali akapita njia nyingine.

Nilialikwa mkutanoni, wifi! Tena si mkutano wa mtaa. Ulikuwa mkutano wa wasomi, wamekaa siku nzima wakizungumza habari ya sanaa na jamii. Wengine wametoka Unguja, wengine Uganda, wengine Ulaya. Ilianza pale mkaguzi wa shule alipoingia darasani kwangu akawakuta wasichana wanashona huku wanaimba. Akaniuliza kama nazijua nyimbo za harusi za hapa kwetu. Nikamwambia nazijua, na ulio mzuri kupita zote aliutunga wifi yangu. Baada ya muda nikaletewa mwaliko: niende nikazungumze, na huo wimbo niuimbe.

Wakumbuka ulipouimba mara ya kwanza? Ilikuwa harusi yangu mimi. Mlikuwa mnamleta bwana harusi, mkachelewa mpaka wali ukapoa, na shangazi zangu wakawa wamenuna kwelikweli. Ukasimama mlangoni na tari lako, ukaita:

“Wenyewe mpo? Mbona kimya nyumba nzima?”

Wa ndani walitakiwa waitike, “Tupo, tupo, twawangoja ninyi.” Hawakuitika. Kwetu mwanzilishi huita mara tatu, na akinyamaziwa zote tatu, wimbo umewekwa chini. Hauimbwi tena, si katika harusi ile wala nyingine, na aliyeutunga hurudi nao kwao na aibu yake. Ukaita mara ya pili. Shangazi mkubwa akauegemea mlango kwa mgongo. Na mimi niko ndani, nimefunikwa ushungi, hina haijakauka, bibi harusi ambaye hata kukohoa anatakiwa akohoe kwa adabu.

Sijui nini kilinipata. Nikaitika. Peke yangu, kwa sauti ya kufukuzia kuku.

Shangazi alinifinya paja mpaka leo nalisikia. Halafu mwenyewe akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na kina mama wakaupokea wimbo kwa vigelegele. Ulipoingia chumbani ulinifunua ushungi ukanitazama sana.

“Wewe mwanamke huna haya hata chembe,” ukasema. “Basi nimekupenda.”

Tokea hapo hatukuachana. Wewe unaanzisha, mimi naitika, harusi za Mbegani, harusi za Saadani, mpaka watu wakawa hawaalikani bila kutuuliza kwanza kama tuna nafasi. Sikupata kuanzisha wimbo hata mmoja. Ulipotutoka, kaka yako alilitundika tari lako ukutani na jina lako likamkauka mdomoni. Akikutaja husema “yule.” Na ule wimbo hakuna aliyethubutu kuushika, mimi wa kwanza.

Sasa unione juzi, nimevaa kanga mpya, nimelikumbatia tari lako kama mtoto mchanga! Kaka yako alinisindikiza, amebeba kikapu cha maandazi yetu, njia nzima ananikumbusha kuwa nyimbo za wanawake hazimhusu, yeye anapeleka mke na kurudisha mke. Tulipofika akagoma kuketi. Akasimama mlangoni na kikapu chake.

Wifi, raha niliyoipata mle ndani sijui niifananishe na nini. Kijana mmoja wa Uganda alieleza habari za ngoma za kwao, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kisha wakabishana, wimbo ni mali ya aliyeutunga au ni mali ya watu wote? Watu wazima wenye miwani wananyosheana vidole kwa ajili ya nyimbo! Sisi tuliyabishania haya jikoni kila siku tukidhani ni upuuzi wetu. Kidogo nisimame nami nitie langu. Kilichonichoma ni kitu kimoja tu, ile ratiba yao. Kwenye zamu yangu wameandika: wimbo wa harusi wa Bagamoyo, mtunzi hajulikani. Hajulikani! Wewe, uliyekuwa ukijulikana mpaka na mbuzi wa mtaa mzima.

Zamu yangu ikafika. Maelezo niliyasoma vizuri, sauti haikutetemeka. Nikalishika tari. Palikuwa na mashine ya kunasa sauti, wakaiwasha, nami nikaita.

Kimya.

Wote wameinamisha vichwa, kalamu mkononi, wananisikiliza kwa heshima zote. Hapo ndipo nilipotambua. Nilikuwa nimewaeleza kila kitu, mavazi, matari, nani anasimama wapi, ila sikuwaambia kwamba wao ndio wa kuitika. Tangu lini kwetu mtu akaambiwa aitike? Na wimbo ukishafunguliwa haukatizwi kwa maneno, wewe mwenyewe ulinikanya hivyo. Nikaita mara ya pili. Mwenyekiti, mzee mmoja mpole wa Tanga, akaniinamia.

“Endelea tu, bibi, tunakusikiliza.”

Kunisikiliza! Nikaona nimeutoa wimbo wako ukutani ulikokuwa umepumzika, nikauleta ugenini ukawekwe chini, tena na mimi, niliyeuokoa siku ya kwanza. Nilitaka kulia. Nikavuta pumzi, nikaita mara ya tatu, na safari hii sikuwa naimba tena, nilikuwa nauliza kweli:

“Wenyewe mpo? Mbona kimya nyumba nzima?”

“Tupo!”

Sauti nzito, ya kiume, imepinda kama mlango mbovu. Nikageuka. Kaka yako! Kikapu mkononi, kofia imeenda upande, macho ameyafumba.

“Tupo, tupo, twawangoja ninyi!”

Mwanamume mzima, wimbo wa wanawake, mbele ya watu wa Ulaya! Na mapigo yote kayakosa. Nikaita tena haraka kabla hajapata fahamu akaona haya. Safari hii wakaitika naye wanawake wawili wa Unguja, kisha mwenyekiti, kisha yule kijana wa Uganda akaanza kugonga meza. Mwisho ukumbi mzima unaitika, kila mtu kwa lahaja aliyojaliwa, na mimi naanzisha, wifi, mimi! Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Walipozima mashine, karani akaja na karatasi yake kuniuliza.

“Mtunzi hajulikani, siyo?”

Nikafungua mdomo nikutaje. Machozi yaliyongoja muda wote yakachagua wakati ule ule kuja, na karani amesimama, kalamu juu, ananitazama.

“Anajulikana,” akasema kaka yako kutoka mlangoni. “Mwanahamisi. Dada yangu.”

Hakuwa amelitamka jina lako tangu tulipokuzika. Akalirudia, polepole, ili karani aliandike sawasawa. Halafu akaweka kikapu chini na kukaa kitako palepale kizingitini, na mimi nikaenda nikakaa naye. Maandazi tuliwagawia wasomi.

Sasa tari lako haliko ukutani, liko hapa mezani karibu na wino. Ijumaa kuna harusi Mbegani, wameniomba nikaanzishe, na nimekubali bila kuvungavunga. Kaka yako anasema hatakwenda, kwani nyimbo za wanawake hazimhusu. Lakini nimemsikia uani anapojimwagia maji, anaitika peke yake.

Mola akulaze pema, wifi yangu. Huku nyumbani si kimya tena. Tupo.

Wako,
Wifi yako, bibi harusi asiye na haya