Tangazo la Kamari Chini ya Picha ya Baba

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 8 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko? Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kikohozi cha yule mdogo kimepoa. Sisi wazima. Goti la Mama linamsumbua kwenye ngazi za nyuma tu. Habari njema zimeishia hapo.

Fundi mitambo wa gazetini kwetu alithibitisha jana: tangazo la kamari lililoonekana chini ya picha ya Baba kwenye tovuti yako hukuliweka wewe. Lilichomekwa njiani, kwenye mtandao wa bure wa saluni. Iliwezekana kwa sababu tovuti yako haina muunganisho uliosimbwa, ule wenye alama ya kufuli. Bila kufuli, anasema, ukurasa husafiri wazi, na yeyote aliye katikati anaweza kuusoma, kuukata na kubandika lake.

Kwa hiyo hukusema uongo. Nimekasirika vilevile.

Hukuwepo, nikueleze. Shangazi alikuwa saluni, kichwa kwenye mashine ya kukaushia nywele, akiwaonyesha wenzake, kwenye tovuti yako, maelezo aliyoyaacha Baba, kaka yake, ya kutengeneza saa za ukutani. Simu ikapita mkono kwa mkono. Msusi akauliza, "Kumbe marehemu alikuwa mtu wa kamari?" Mteja akadakia, "Labda ndiko saa yangu ilikoishia." Wakacheka. Baba yetu, aliyekataa kununua hata tiketi ya bahati nasibu ya shule.

Shangazi alikuja hapa moja kwa moja, rola bado kichwani. "Mwanao anauza uso wa kaka yangu," alimwambia Mama. Tangu siku hiyo Mama hafungui ukurasa ule, yeye aliyekuwa akiusoma kila baada ya chakula cha mchana, na kunisomea kwa sauti pale Baba anapowatukana watengenezaji wa springi za bei rahisi. Sasa Shangazi anataka ufutwe. Mama amesema sawa, ufutwe. Alisema akiwa amenipa mgongo.

Nami nilikuomba tangu mwezi wa pili uweke kufuli. Ulinijibu kama mhadhiri: tovuti ya mtu binafsi haina nywila wala akaunti za benki, hakuna cha kuficha, kufuli ni la maduka, simu za zamani zitafungiwa nje. Nani alizungumzia kuficha? Ukinitumia picha ya Baba kwa mkono wa mtu, unaitia kwenye bahasha na kuibandika. Si kwamba ni siri. Unataka ifike kama ulivyoituma.

Hoja ya simu nimeipima, maana ndiyo pekee yenye uzito. Simu kongwe kuliko zote katika familia ni ya Mama, ile yenye ufa. Inafungua tovuti ya gazeti letu, yenye kufuli, bila shida. Cheti kinacholeta hilo kufuli hutolewa bure na hujihuisha chenyewe. Fundi aliweka cha kwake chai ikiwa bado ya moto.

Mwenye saluni nimemwendea. Anasema mtandao uliwekwa na kampuni, yeye hajui lolote. Huenda ni kweli. Kesho itakuwa hoteli au stendi. Tovuti ni yako, kwa hiyo weka kufuli, usiniandikie falsafa nyingine.

Nisalimie wifi, na uwaambie watoto shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu. Shangazi hakukusalimu, nami siwezi kuandika kwamba amekusalimu. Mungu awalinde nyote, na wewe akupunguzie ubishi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, familia inakaa kuamua. Nimemwomba Shangazi tuanzie saluni: ataufungua ukurasa kwa simu yake, kwa mtandao uleule, Mama akiwa kando yake. Anwani aliyoihifadhi ni ya zamani, isiyo na kufuli, kwa hiyo hakikisha nayo inapeleka kwenye muunganisho wenye kufuli. Tukimwona Baba peke yake, ukurasa utabaki. Tukimwona na lile tangazo, nitaunga mkono ufutwe.

Dada yako, akupendaye hata leo