Chupa ya Tangi la Saba

4 Juni

Mama mpenzi,

Mjukuu wako sasa hivi ametema uji wote magotini kwangu, halafu akacheka. Nimefuta, nimekaa niandike. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila nimechoka hadi kucha.

Kazi ya kwenye ufugaji wa kamba, wale wa baharini, nimepata, miezi mitatu ya majaribio. Matangi kumi na mawili: sita yanapewa chakula chenye unga wa kitunguu saumu na tangawizi, sita chakula kitupu. Mimi navuta kinyesi kwa mpira, natia chupani. Mtaalamu anapima kilichoingia na kilichotoka, ajue kama viungo vinawasaidia kusaga chakula. Wananiita Mama Chupa! Wakinithibitisha napewa chumba, nakaa na mtoto. Wakinikataa, namleta kwako.

Bintiyo

19 Juni

Mama Chupa wangu,

Salamu tele. Mgongo ni ule ule, unanikumbuka nikiinama. Nilimwambia jirani unalisha kamba, akauliza, "Kamba ya kufungia mbuzi nayo inakula?" Tulicheka mpaka machozi.

Mtoto usimlazimishe uji, mpe kidogo kidogo. Na huko kazini uwe msafi, wasije wakasema hukulelewa.

Mama yako

27 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu. Huo usafi ndio ulioniponza.

Mtoto aliharisha siku mbili, sikulala. Jana nimefika macho mazito, nikaona tangi la saba chafu, nikalisugua likang'aa. Kinyesi cha kupimwa chote nikakimwaga! Mwenzangu akaninong'oneza, "Chota la nane bwana, mavi ni mavi." Lakini la saba wanakula kitunguu, la nane hawali. Nikashika ile chupa, mkono ukagoma. Nikampelekea mtaalamu ikiwa tupu, nikasema yote. Aliandika kwenye daftari, akaenda zake.

Leo nimekuja na mtoto kabisa, na mkoba wake nimeufunga: nguo nne na kikombe. Wakinifukuza tunapanda gari moja kwa moja kuja kwako. Tumekaa hapa mlango wa stoo tangu asubuhi. Anaufungua mkoba, anatoa kikombe, nakirudisha. Tumbo lake limetulia, leo amemaliza uji. Natamani ungemwo—

Nimeshtuka, mama. Mtaalamu anapiga kelele kule kwenye matangi: "Mama Chupa! La saba tunaanza upya, njoo na mpira wako!"

Mama, huu mkoba wa mtoto naufungua, hatupandi gari tena!