Mzungu Asiyependa Salamu

Kaka Anouar,

Salamu zikufikie huko Lubumbashi kabla ya maneno mengine. Hapa Nyakabiga mvua imeanza, na Mama anauliza kama unakula vizuri.

Kazini kuna jambo. Ni yule Mswidi anayenunua kahawa yetu. Kila nilipomwandikia imeli nilianza na salamu, zangu na za Mama, nikauliza hali ya nyumbani kwake. Yeye alijibu tu: "Tuma sampuli." Patron wangu wa kazini, Hyacinthe, alinicheka. "Zubeda, wale hawapendi salamu. Andika kazi tu." Mi nikasema apana, Mama hakunilea hivyo.

Jumatatu, kwa mara ya kwanza, aliniandikia kama mtu: "Zubeda, asante. Hakuna mwingine aliyekuwa akiniuliza hali. Mama yako nitampokea mwenyewe."

Nilimwonyesha Hyacinthe. Aliisoma, kisha akasema, "Asubuhi wamenipigia simu kutoka ofisini kwake. Walimzika wiki iliyopita."

Nilikimbia nyumbani. Nilimkuta Mama anapiga pasi kitenge chake cha sikukuu. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Sijui, mwanangu. Tangu asubuhi naona kama kuna safari."

Hyacinthe anataka niifute ile imeli. Sijaifuta. Mtu akikusalimia humwachi bila jibu, basi nimemjibu kwa adabu zote. Nimemwombea apumzike kwa amani, nikamwambia kwamba Mama hasafiri.

Bado hajajibu. Mama ameshakunja kitenge, amekiweka mlangoni. Njoo, Kaka.

Mdogo wako akuombeaye njia nyeupe,
Zubeda