Akidi Iliyokula Ikaondoka

Kaka, nimemponza binti yangu mwenyewe. Kwa mikono yangu hii.

Unajua leo Baraza la Masomo ya Juu lilikuwa lipitishe shahada yake ya udaktari, na mimi ndiye mhudumu wa ukumbi. Jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha.

Saa sita mwenyekiti akaninong'oneza, "Mzee, leta chakula mapema." Nami nikaleta! Wajumbe wakala, wakafuta midomo, wakaanza kuchomoka mmoja mmoja. "Nina kikao kingine." Kikao gani, na bado unatafuna?

Walipofika kwenye jina lake, katibu akahesabu vichwa. Kumi. Kanuni inataka kumi na mmoja. "Akidi haijatimia. Tukutane baada ya miezi minne."

Miezi minne! Na kule alikopata kazi ya kufundisha wanataka barua ya baraza Ijumaa hii, la sivyo wanampa mwingine.

Nikamwambia mwenyekiti, "Mheshimiwa, huyo ni mwanangu."

Akanijibu, "Pole, mzee. Ondoa sahani."

Nikaziondoa, kaka. Zote ishirini na moja.

Binti anapiga simu sasa hivi, mara ya tatu. Sijapokea. Nimwambie nini? Kwamba wameshiba?